Kura za Barazani: Uhakiki wa Maswali ya Siasa katika Makundi ya Watu wa Idjwi

Nia ya makala haya ni kuhakiki aina moja ya matini ambayo wanataaluma wa Kiswahili bado hawajaipa uzito inaostahili. Matini hiyo ni swali la kisiasa linalowekwa katika kundi la mtandaoni ili wanakundi walijibu kwa kubonyeza jina moja kati ya majina kadhaa, na hesabu ikajitokeza yenyewe chini ya swali. Ni matini fupi sana. Mara nyingi haifiki maneno kumi, na baada ya siku mbili imekwisha kufunikwa na salamu, tanzia na picha za arusi. Hata hivyo, kila uchaguzi unapokaribia matini hii hunukuliwa, hupigwa picha na kupelekwa kutoka kundi hadi kundi, na wako wanaoitumia kuthibitisha kwamba mtu wao amekwisha kushinda.

Kuhusu jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza huichukulia hesabu hiyo kama matokeo ya uchaguzi yaliyowahi kufika. Wa pili, hasa wale waliosoma takwimu chuoni, huicheka na kuitupa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu moja: zote zinaisoma tarakimu, hakuna unaolisoma swali. Katika makala haya nitaanza na swali.

Mfano wangu ni kisiwa cha Idjwi, kilicho katikati ya Ziwa Kivu. Kisiwa hiki kiliingizwa upande wa Kongo ya Wabelgiji kwa mapatano ya mipaka ya mwaka 1910, na leo ni wilaya moja ya Jimbo la Kivu Kusini, yenye utawala wa jadi wa sehemu mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Lugha ya nyumbani ni Kihavu; Kiswahili ni lugha ya soko, ya safari na ya mazungumzo na Bukavu na Goma. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mipaka ya jamii yake inajulikana, kwa kuwa imechorwa na maji. Hakuna anayeuliza kama fulani ni wa kisiwani au la. Pili, sehemu kubwa ya wazaliwa wake wenye simu za kisasa na umeme wa kuzichaji hawaishi kisiwani. Wako Bukavu, Goma, Kinshasa, na wengine Ulaya. Swali linapoulizwa kuhusu kisiwa, anayejibu kwa wingi ni mtu aliyeondoka kwa boti miaka kadhaa iliyopita.

Dosari hii si ngeni wala si ya Afrika peke yake. Mwaka 1936 gazeti la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma karatasi milioni 10 hivi, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alipata takriban asilimia 61 ya kura. Majina ya waliotumiwa karatasi yalikuwa yamekusanywa hasa kutoka orodha za wenye simu na wenye magari, na waliojitaabisha kujibu walikuwa wale waliokuwa na hamu ya mabadiliko. Wingi wa majibu haukusaidia kitu. Habari hii hurudiwa katika kila darasa la takwimu, nami sitaendelea nayo, ila niseme kwamba kundi la watu mia mbili wa Idjwi walioko Bukavu lina kasoro ileile, tena kwa kiwango kikubwa zaidi.

Swali na kitenzi chake

Tuchukue mfano, niliouunda kwa kufuata maswali ya aina hii yanavyoandikwa kwa kawaida: «Ndugu zangu, kati ya hawa watatu nani atashinda kwetu?» Linganisha na «Utamuchagula nani?», kama wasemavyo wengi Bukavu, na tena na «Nani ashinde?» Msomaji wa haraka ataona swali moja lililoandikwa kwa njia tatu. Kwa hakika ni maswali matatu mbalimbali, na tofauti zote zimo ndani ya kitenzi.

«Nani atashinda» ni utabiri. Kiambishi -ta- humtoa mjibuji katika nafasi ya mpiga kura na kumweka katika nafasi ya shahidi: haulizwi anataka nini, anaulizwa anaona nini. «Utamuchagula nani» humtaka atangaze nia yake mwenyewe, na kiambishi u- cha nafsi ya pili humnyooshea kidole. «Nani ashinde», kwa irabu yake ya mwisho -e, ni takwa, karibu na dua. Mtu anaweza kuyajibu maswali haya matatu kwa majina matatu bila kujipinga hata kidogo. Anaweza kuona kwamba A atashinda kwa sababu ana fedha, akaamua kumpigia B kwa sababu ni wa ukoo wake, huku moyoni akitamani C. Makundi mengi huchanganya maswali haya, na ugomvi unaofuata («Mbona juzi tulisema hivi?») ni ugomvi wa sarufi kabla ya kuwa ugomvi wa siasa.

Tena msamiati wetu wenyewe umechangia vurugu hii. Kiswahili sanifu kimeliacha neno «kura ya maoni» libebe mizigo mitatu. Ni uamuzi wa wananchi wenye nguvu ya sheria, kama ule wa Wakenya wa tarehe 4 Agosti 2010 au wa Wazanzibari wa tarehe 31 Julai mwaka huohuo. Ni pia mchujo wa wagombea ndani ya chama, kama lisemwavyo katika Chama cha Mapinduzi. Na ni pia upimaji wa maoni unaofanywa na taasisi za utafiti, ambao kwa kweli si kura hata kidogo, kwa maana hakuna anayechaguliwa. Mkongo aliyepiga kura ya katiba Desemba 2005, akilisikia neno hilohilo likitumika kwa swali la WhatsApp, ana haki ya kuliona swali hilo kuwa na uzito lisiokuwa nao. Wale wanaokopa neno la Kifaransa la upimaji huo, kama wafanyavyo wengi wa mjini Bukavu, angalau wamepona katika mtego huu mmoja.

Mimi napendekeza, kwa matini tunayoihakiki, jina la «kura ya barazani». Baraza ni mahali pa kuketi mbele ya nyumba, na maana hiyo ilisafiri hadi kwenye Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo, walioiita veranda yao «barza». Katika Kivu neno hilo lilipanda cheo: tangu mwisho wa miaka ya 1990 Barza ya jamii mbalimbali za Kivu Kaskazini ilikuwa chombo cha wazee wa makabila cha kusuluhisha migogoro. Barazani watu husemana, huangaliana machoni, na kila mmoja anajua mwenzake ni mtoto wa nani. Ndivyo yalivyo pia makundi haya.

Kura yenye jina la mpigaji

Hapa ndipo palipo na hatari. WhatsApp ilipoleta kura za aina hii mwezi Novemba 2022, yaani mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 20 Desemba 2023, iliziunda kwa namna ambayo mwanakundi yeyote akibonyeza hesabu anaona nani alichagua nini. Si kura ya siri. Ni kura ya kunyoosha mkono, na mkono haushuki.

Afrika Mashariki inaifahamu kura ya namna hii. Mwaka 1988 KANU iliwapanga Wakenya katika mlolongo nyuma ya wagombea au mawakala wao katika mchujo wa chama, na neno «mlolongo» likabaki katika lugha kama jina la fedheha. Zaire ilikuwa na yake. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1970, wenye mgombea mmoja, karatasi ya kijani ilikuwa ya kumkubali Mobutu na nyekundu ya kumkataa. Hesabu rasmi ilitoa kura zaidi ya milioni 10 za kukubali dhidi ya 157 za kukataa. Sina haja ya kueleza kwa nini watu 157 tu katika nchi nzima waliichukua karatasi nyekundu, au ni wangapi walioichukua wakaandikwa kijani.

Katika kundi la watu wa kisiwa kimoja, jina linaloonekana chini ya swali halisomwi kama jina la raia. Husomwa kama jina la ukoo, la kijiji, la upande wa Rubenga au wa Ntambuka. David Newbury, katika kitabu chake Kings and Clans cha mwaka 1991, alionyesha jinsi ufalme wa kisiwa hiki na koo zake zilivyoundana, na akaitazama sherehe ya malimbuko, Muganuro, kama mahali ambapo koo zilionekana kila moja katika nafasi yake. Idadi ya waliohudhuria haikuwa hoja. Hoja ilikuwa nani amesimama wapi, na nani hayupo. Naona kura ya barazani ya leo inasomwa na wengi kwa jicho hilohilo la zamani: wanaanza kutafuta majina, hasa ya wale ambao hawakubonyeza chochote, kisha labda wanaangalia asilimia. Ukimya nao ni jibu, na huenda ndilo jibu linalochunguzwa kuliko yote.

Nani aliyesoma barua za 1990?

Hata hivyo, kusema kwamba hesabu haina thamani si kusema kwamba zoezi lote halina thamani. Ili kuonyesha hilo sina budi kurudi kwenye ukusanyaji wa maoni usio rasmi ulio mkubwa kuliko yote katika historia ya Kongo, uliofanyika kabla ya mtandao kufika.

Mwezi Januari 1990 Mobutu alitangaza kwamba angewasikiliza raia wake kuhusu taasisi za nchi. Alizunguka mikoani, na watu wakaalikwa kuandika. Wakaandika. Watumishi wa serikali waliandika, wanafunzi waliandika, maaskofu wa Kanisa Katoliki waliandika yao mwezi Machi, nayo ikasambaa mikononi mwa watu kwa nakala. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Mobutu alitoa hesabu: barua na maandiko 6,128 yalikuwa yamepokelewa, 5,310, yaani asilimia 87, yalitaka marekebisho ndani ya chama tawala cha MPR, 818, yaani asilimia 13, yalitaka vyama vingi. Kisha, baada ya kutaja hesabu hiyo, akatangaza vyama vingi.

Wahakiki wengi wa siasa wameichukulia hotuba hii kama kioja cha mtawala aliyekuwa akibanwa na mabadiliko ya dunia, na ni kweli kwamba ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka miezi michache nyuma. Lakini mwanafunzi wa lugha anaona jambo la ziada. Hesabu ile ilidai kwamba maandiko 5,310 yalisema jambo moja. Je, andiko la kurasa kadhaa linaloeleza mishahara isiyolipwa, walimu wasio na chaki, maofisa wanaopora na hofu ya polisi wa siri, halafu likamaliza kwa heshima na kuomba chama kijirekebishe, linawekwa katika safu gani? Mwandishi aliyeishi miaka ishirini chini ya karatasi ya kijani na nyekundu alijua vizuri jinsi ya kumaliza barua. Kuihesabu salamu yake ya mwisho na kuacha kurasa zilizotangulia ni kosa la usomaji. Naamini Mobutu mwenyewe hakulifanya kosa hilo. Aliitaja hesabu, akatenda kwa kufuata yaliyoandikwa. Huenda alikuwa msomaji mzuri kuliko wengi waliomcheka, ingawa kumsifu kwa lolote kunaniwia vigumu, na miaka iliyofuata ilionyesha kwamba kusoma vizuri si kuwa na nia njema.

Manufaa ya ukusanyaji ule yalikuwa katika maneno. Watu waliogundua kwamba jirani yao naye ameandika hawakuweza tena kurudi katika ukimya wa zamani. Hivyo ndivyo ninavyozisoma kura za barazani: chini ya hesabu kuna maoni, na humo ndimo mtu huandika, «Mimi nitampa huyu kwa sababu ndiye aliyewahi kufika bandarini kwetu», au «Wote watatu hawajui njaa ya kisiwani». Sentensi kama hizi ndizo data. Zinatuambia vipimo ambavyo watu wanavitumia kumpima mgombea: boti, zahanati, bei ya kahawa na nanasi, usalama wa kuvuka ziwa. Asilimia iliyo juu yake haituambii lolote kati ya hayo.

Iko njia moja ambapo hata hesabu inaweza kusaidia. David Rothschild na Justin Wolfers, wakichunguza chaguzi za Marekani tangu 1952, walionyesha kwamba swali la «nani atashinda» hutabiri vizuri kuliko swali la «utampigia nani». Sababu yao ni rahisi: anayeulizwa nia yake anatoa sauti moja, lakini anayeulizwa utabiri analeta pamoja naye kila anayoyajua kuhusu familia, jirani na wenzake kazini. Mtu wa Idjwi anayeishi Bukavu, anayepokea habari za kijiji kila boti inapofika, si mpiga kura wa kisiwa lakini ni shahidi mzuri wa kisiwa. Kwa hiyo anayetaka kuuliza na aulize kwa -ta-, aache u-. Swali hilo lina nafuu nyingine pia: jina likionekana chini yake, mtu anaweza kujitetea kwamba alitabiri tu.

Desemba 2018

Mtu atauliza kama upimaji wa kitaalamu hautoshi, basi tuachane na baraza. Desemba 2018 unatoa jibu, nalo si rahisi. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30, taasisi ya BERCI ya Kinshasa pamoja na kundi la utafiti kuhusu Kongo la Chuo Kikuu cha New York walitoa upimaji wao: Martin Fayulu asilimia 47, Félix Tshisekedi 24, Emmanuel Ramazani Shadary 19. Tume ya uchaguzi ilitangaza Tshisekedi asilimia 38.6, Fayulu 34.8, Shadary 23.8. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema matokeo hayo hayalingani na yale iliyoyakusanya. Upimaji huo haukubadili aliyeapishwa. Ulibaki kuwa ushahidi.

Siku hiyohiyo ya kupiga kura, Beni na Butembo zilikuwa zimeondolewa kwenye uchaguzi wa rais kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Wakazi wa Beni walijipangia kura yao wenyewe: walisimama foleni, waliandika majina kwenye karatasi, walihesabu. Kisheria haikuwa na thamani yoyote. Hakuna mtu aliyekuwa foleni pale asiyejua hivyo. Ukiitafuta maana yake katika asilimia utaikosa, kwa sababu jibu lilikuwa ni ile foleni yenyewe. Tarehe 31 Desemba serikali ilikata intaneti nchini kwa karibu wiki tatu. Iwapo mazungumzo ya barazani ni upuuzi mtupu, sielewi kwa nini serikali ilijisumbua kuyafunga.

Tanzania nayo ilipitia yake. Julai 2018 shirika la Twaweza, ambalo kwa utafiti wake wa Sauti za Wananchi liliwagawia wahojiwa simu na vifaa vya kuchajia kwa jua (jambo ambalo mtafiti wa Idjwi angepaswa kuliiga), lilitangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia na 96 mwaka 2016. Shirika lilitakiwa lijieleze kuhusu kibali cha utafiti, mkurugenzi wake akanyang'anywa pasipoti, na mwezi Septemba Sheria ya Takwimu ikafanyiwa mabadiliko yaliyobana uchapishaji wa takwimu zinazopingana na za serikali, kabla ya kulegezwa mwaka 2019. Pale ambapo upimaji wa kitaalamu unazibwa mdomo, watu hawaachi kuulizana. Wanarudi barazani, pamoja na kasoro zote za baraza.

Nadhani matumizi bora ya makundi haya hayako kabla ya uchaguzi bali baada yake. Sheria ya Kongo inataka matokeo ya kila kituo yabandikwe ukutani kituoni hapo. Wanakundi wenye ndugu katika kila kijiji cha kisiwa wanaweza kuipiga picha kila karatasi na kuzijumlisha, kama walivyofanya Wakenya wengi mwaka 2022 tume yao ilipoweka mtandaoni fomu za vituo 46,229. Hapo kundi haliulizi tena maoni ya mtu. Linasoma ukuta.

Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, na ziwa lote likajikuta kati ya mamlaka mbili zinazoshindana. Katika hali kama hiyo, swali «Mnamtaka nani?» lililoandikwa kwa mzaha mwaka 2023, likiwa na majina na namba za simu chini yake, ni orodha. Simu hukaguliwa njiani na bandarini. Makundi yanayojali watu wake yangefanya vyema kuyafuta maswali ya zamani, au kuyauliza kwa mdomo boti ikiwa katikati ya maji. Na sisi tunaokusanya matini za Kiswahili cha Kivu kwa ajili ya utafiti tuna wajibu wa kuhifadhi swali, kitenzi chake na maoni yaliyofuata, na kuyafuta majina kabla faili halijafika kwenye kompyuta ya idara, si baada yake.